Ndume Nyekundu kwa Ukuta wa Form Three

Kaptembwa,
Nakuru.
Jumamosi, 5 Julai 2025.

Mpendwa Senge Cheruto, shangazi yangu,

Hapana Senge, sifuti. Hiyo ndiyo jibu ya ile swali uliniuliza Jumapili kwa simu, ukakata kabla sijafungua mdomo. Nimeona afadhali nikuandikie, juu barua huwezi kuikata katikati. Utaipata kwa mkono wa dadake Jalal, huyo Jalal mwenye duka la rangi. Anarudi huko Leeds wiki ijayo. Nimemwambia akuone ukiisoma mpaka mwisho ndio akupe majani chai.

Sasa tusalimiane kama watu. Uko salama? Mgongo umepoa? Hao wazee unaowageuza kitandani, wageuze polepole, hata wewe umri imeanza kukuangalia. Sisi huku tuko. Baba tangu aache tumbako anapumua kama kijana, lakini hasira yote ya tumbako imebaki kwa mdomo, siku hizi anagombana mpaka na kuku. Mahindi imenifika kifuani. Mimi nimenenepa kiasi, wageni wananiita boss kabla hata sijaongea.

Haya. Najua vile uliambiwa. Shemeji yako Mzee Kimaiyo alikupigia akasema Kimutai amechora baba yake yeye Mzee, marehemu, kwa ukuta wa shule, amemshikisha kiboko, amemfanya nyapara wa mzungu, na sasa watoto wanamcheka mpaka njiani. Na wewe, kama mjane wa mdogo wake, ukaona hiyo aibu imevuka bahari ikakufikia mlangoni. Nakuelewa. Hata mimi ningeambiwa hivyo ningekasirika, alafu ningeuliza kama amechorwa vizuri.

Lakini sikiza upande wangu pia.

Nilikuwa Maili Sita juu ya ngazi, namalizia ng'ombe ya bucha ya Muiruri, ile ya kugawanywa na mistari, hapa paja, hapa mbavu. Mama mmoja wa buibui akasimama chini akaangalia sana. Nikadhani anataka nusu kilo.

"Fundi, wajua kuchora ng'ombe mzima?"

"Kwani huyu si mzima, mathe?"

"Huyu ameshakufa. Mimi nataka walio hai. Wengi. Wanaondoka."

Ndio Madam Najwa huyo. Ni wa zile familia za Bondeni ambazo babu zao walitoka pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Anafunza history kwa hiyo day secondary yetu ya Solai. Serikali haijamwandika, ameandikwa na bodi ya shule tu. Bodi ikikohoa usiku, yeye ndiye anaamka. Na mwenyekiti wa bodi unamjua, ni shemeji yako huyo huyo.

Aliniambia Form Three wake wanalala. Si ati ni wajinga. Wanaandika, wanakariri mwaka, wanasahau mwaka. Projekta ya shule iliungua, na hata ikipona, stima yenyewe huko Solai ni mgeni, inakuja inasalimia inaenda. Kwa hivyo yeye anatumia chenye iko. Amefunga kamba kutoka dirisha mpaka mlango, kila fundo ni miaka kumi, na watoto wametundika vikaratasi vya mambo yalitokea. Amechukua gunia ya viazi kutoka Dundori akashonea ramani ya Rift Valley, na reli ameiweka zipu ya jaketi mzee. Ukivuta hiyo zipu kutoka Naivasha, ukapita Gilgil, ukafika Nakuru, unaona vile treni ilikuja na vile mashamba yalimezwa huku na huku. Senge, unajua mimi niliacha shule darasa la sita, na historia ndiyo ilinisukuma nje. Hiyo zipu niliivuta nikairudisha, nikaivuta nikairudisha, mpaka Madam akaninyang'anya.

Kitu alikuwa anataka kwa ukuta ni kifagio. Wewe huenda uliisikia ukiwa mdogo. Wazungu waliona ng'ombe za watu wanaofanya kazi kwa mashamba yao zimekuwa mingi, wakasema zifagiliwe zote, zitoke, ndio mtu abaki na mikono peke yake ya kuwafanyia kazi. Kwa kitabu ya Form Three hiyo maneno ni sentensi chache, unapiga chafya unaruka. Madam akasema anataka watoto waione ikitembea. Akanionyesha ukuta wa nyuma wote. "Huu ni wako," akasema. Hakuna mtu alikuwa amenipea ukuta mzima maishani. Mimi ni mtu wa milango na mabango.

Sasa makosa yangu, juu iko. Mimi sichori kitu sijaiona. Ndio kazi ya mabango ilivyo, mwenye kinyozi anakuja na kichwa, mwenye bucha anakuja na nyama. Mzungu wa zamani sikuwa naye, kwa hivyo nilimvalisha ile koti nyeupe ya bucha, na mpaka leo watoto wanamwita Bwana Nusu Kilo. Lakini ng'ombe nilikuwa nazo. Dirisha ya darasa inaangalia boma ya Mzee Kimaiyo, na hapo kwa fensi alikuwa amesimama yule ndume wake mwekundu, tumbo nyeupe, pembe ya kushoto imeinamia jicho, doa kama jembe kwa paji. Alisimama asubuhi yote akitafuna. Hakuuliza chai, hakuuliza nitamaliza lini. Nikamweka mbele ya wengine wote. Na kando yake, kwa sababu palibaki nafasi, nikaweka nyapara na kiboko. Kofia imemfunika, hana macho hana mdomo. Kusema ukweli, mimi sijui kuchora uso ambao haujatoka kinyozi saa hiyo.

Nikajisifu. Nikapiga picha. Nikaenda kula.

Wewe umezaliwa kwetu, unajua vile tunasoma. Mtu wa Nairobi angeangalia uso. Watu wetu waliangalia ng'ombe. Hiyo rangi na hiyo pembe, hakuna mtu Solai hajui imetoka boma gani, na imekaa kwa hiyo boma tangu zamani za wazee. Watoto walienda nyumbani wakasema kwa ukuta kuna nyapara amesimama na ndume wa kina Kimaiyo. Wazazi wakamalizia wenyewe: kumbe ng'ombe za watu zikifagiliwa, kuna boma moja kifagio haikuingia. Mimi sikuchora hiyo maneno. Mimi nilichora ndume amesimama vizuri.

Mzee alikuja na fimbo na ile kofia yake ya mikutano. Darasa ilikuwa ndani. Akaenda mpaka kwa ukuta akausogelea hivi, pua karibu iguse rangi.

"Kimutai, hii ng'ombe ni ya nani?"

"Ni ya historia, Mzee."

"Usinichezee. Hii ng'ombe ni yangu. Imekunywa maji leo asubuhi. Na huyu wa kiboko, amesimama na ng'ombe yangu, ni nani?"

"Huyo hana uso, Mzee."

"Si ndio maana nauliza!"

Form Three walicheka mpaka madawati ikalia. Hapo ndipo iliharibika. Ningewanyamazisha, lakini mimi nilikuwa nimegeukia ukuta, mabega yananicheza.

Madam peke yake hakucheka. Akamletea Mzee kiti chake mwenyewe. Akamwambia, "Baba, hata nyapara alikuwa baba wa mtu. Keti uwaambie watoto yalivyokuwa."

Mzee akasema, "Mimi sitafundishwa baba yangu na mtu wa magunia." Akatoka.

Najua utauliza, si ubadilishe tu rangi ya ndume? Nilifikiria. Nilimwendea Mzee jioni nikamwambia nitampaka nyeusi, iishe. Akasema watu wameshaona, na nikimbadilisha sasa watasema yeye ndiye alinituma nifiche. Na pia, Senge, nyeusi ni ya kina Kibii, kahawia ni ya jirani yao, hakuna rangi ya ng'ombe Solai haina mwenyewe. Labda nimchore kijani. Mzee hakucheka. Akasema ukuta wote ufutwe, na ni mimi nitaufuta, juu ni mimi niliuchora. Bodi ikanunua mkebe wa rangi ya krimu, umekaa hapo nje ya mlango wa darasa kama askari. Bodi inakaa Ijumaa tarehe kumi na nane. Wakikuta picha bado iko, Madam Najwa anaenda nyumbani na gunia lake na kamba yake.

Sasa unaelewa kwa nini nasema sifuti? Bado. Wacha nikwambie kitu niliona na macho yangu, si kuambiwa.

Niliingia siku moja kurekebisha kwato. Madam alikuwa amefunika nusu ya ukuta na shuka, ile nusu ng'ombe zinaenda. Akawauliza wanafunzi, hapa nyuma ya shuka kuna nini? Mmoja akasema barabara. Mwingine akasema bucha, wakacheka. Akavuta shuka. Hapo nilikuwa nimechora akina mama wamesimama na vibuyu vyao vya maziwa, wanaangalia mikia ya ng'ombe ikienda. Kuna msichana anaitwa Jepkemei, Madam anasema tangu Form One hajawahi kuinua mkono, hata kuomba kutoka. Akainua.

"Madam, kama ng'ombe zilienda zote, hiyo siku watoto walikunywa nini?"

Senge, darasa yote iligeuka kumwangalia. Hata yule wa bucha aligeuka. Na Madam akasema sijui, nendeni mkaulize nyumbani. Na wakaenda! Watoto wa siku hizi, ambao ukimtuma chumvi anakuangalia kama umemtukana, walienda kuuliza nyanya zao mambo ya maziwa. Wakarudi na vitu. Mmoja ameleta jina ya majani yalichemshwa. Mmoja ameleta jina ya mtoto wa kwao ambaye hakufika mwaka uliofuata. Wamevitundika kwa ile kamba.

Hiyo ndiyo wanataka nipake krimu. Wapake wao. Mimi mkono wangu umekataa, na sijui kubishana na mkono.

Na usifikirie watapata mtu mwingine Nakuru. Nimeshapita kwa kila fundi wa rangi kutoka Bondeni mpaka Free Area. Nimewaambia kuna kazi ya kupaka krimu Solai, na anayeichukua tusijuane. Hata Sitati, yule ambaye mimi na yeye hatujawahi kukubaliana hata siku ni gani ya wiki, aliniuliza tu, "Ng'ombe zimetoka vizuri?" Nikamwonyesha picha kwa simu. Akasema, "Kwato umeharibu." Alafu akasema, "Siendi." Watalazimika kutoa mtu Naivasha, na huko pia nina marafiki.

Mwalimu mkuu naye ameniita kwa ofisi, akaniambia nikishirikiana nitapewa kupaka shule mzima, madarasa, ofisi, jikoni, mpaka choo. Hiyo ni kazi ya miezi. Unajua vile mimi napenda kazi. Nilimwambia asante, choo nitapaka, ile ukuta hapana. Akasema ni vyote ama hakuna. Nikamwambia basi choo ikae hivyo.

Sasa nikujibu ile ingine, ile hukuuliza lakini niliisikia kwa sauti yako. Kama ni ukweli. Kama mzee wao alishika kiboko kweli, na hiyo damu ya ng'ombe nyekundu ilibaki kwa njia gani. Mimi sijui. Nilichora sijui, na bado sijui. Lakini kuna kitu kilitokea, na hii sijamwambia mtu, hata Madam.

Jumapili iliyopita, kabla hujanipigia, watu wakiwa bado kanisani, nilipitia shule kuchukua ngazi yangu. Nikakuta Mzee Kimaiyo amesimama nje ya dirisha ya Form Three, ameshika vyuma. Nikadhani anaangalia ndume. Nikajiandaa na maneno yangu yote. Kumbe anaangalia akina mama.

Hakugeuka. Akaniuliza, "Hivi vibuyu, kwa nini umevifunua hivi, vifuniko viko chini?"

Nikamwambia ukweli, Mzee, sikujua njia ingine ya kuonyesha havina kitu.

Alafu akasema mama yake alikuwa na vibuyu vyake kwa ukuta wa nyumba, na kimoja kilikuwa na alama si yake. Unajua kila mama alikuwa anaweka alama yake. Hicho hakuwahi kukitia maziwa. Alikuwa anakiosha na vingine, anakipaka mafuta, anakirudisha kikiwa wazi. Wakiwa watoto walimuuliza, na jibu ilikuwa moja tu: hicho si chetu. Cha nani, hakusema. Alizikwa hajasema.

Senge, mimi hunijui bila mzaha. Hiyo siku nilitafuta moja, hata ndogo, nikakosa.

Nikamuuliza, "Mzee, si uwaambie watoto hiyo?"

Akaachilia vyuma, akavaa kofia. "Futa hiyo kitu," akasema, akaenda. Lakini alisema akiangalia chini. Mimi nimefukuzwa na watu wengi maishani, najua mtu anayekufukuza na roho yake yote na mtu anayekufukuza na mdomo tu.

Kwa hivyo usiniambie ati naaibisha boma. Mimi nikifuta, ni nini imefutwa? Watu wamesema, wataendelea kusema, na watasema vibaya, juu hakuna picha ya kuwauliza tena. Ndume ataendelea kusimama kwa fensi na tumbo yake nyeupe kila siku ya Mungu, watamfuta pia? Na Madam ataenda, na ataletwa mtu wa kuwasomea sentensi chache mpaka walale. Mimi nililala hivyo hivyo, ndio maana leo napanda ngazi. Sijuti ngazi. Lakini Jepkemei ameinua mkono juzi tu. Mimi siwezi kuwa mtu wa kuushusha.

Sasa salamu. Nisalimie kijana wako Kigen, mwambie ile kandanda anacheza huko na glavu si kandanda. Nisalimie binti yako Chepkemei na mtoto wake, tumesikia ana meno mawili na tayari ana madharau. Baba anakusalimia, anasema ukija Desemba ulete ile dawa ya kifua, na anasema pia uko sawa na mimi niko makosa, nimekuandikia juu alisimama hapa mpaka niandike. Mungu akutie nguvu mgongoni, akupe wagonjwa wepesi, na akurudishe kwetu ukitembea na miguu yako.

Nimemaliza salamu, lakini barua bado. Nina dili na wewe, na ni wewe peke yako naweza kufanya nayo, juu Mzee Kimaiyo hajawahi kukatalia mtu anayemwita shemeji na heshima kama wewe.

Mpigie. Mwambie Ijumaa hiyo tarehe kumi na nane, asubuhi kabla bodi haijakaa, aingie kwa kipindi cha Form Three, akalie kile kiti cha Madam. Aongee chenye anataka. Aseme baba yake alikuwa nyapara ama hakuwa, aseme mimi ni mwongo, aseme ng'ombe walinunuliwa. Ama aseme ya kibuyu. Hakuna mtu atamkata maneno, na anayecheka nitamtoa mimi mwenyewe kwa sikio. Wewe nitakupigia video, nikushike juu kabisa uone ukuta wote, na yeye akuone.

Akimaliza, awaangalie hao watoto kwa macho. Si mimi, si wewe, si bodi. Awaangalie wao, Jepkemei akiwa hapo mbele, na awaambie kwa mdomo wake: hii ifutwe. Akisema hivyo, nafungua mkebe hapo hapo. Naanza na ndume, namalizia na akina mama, na hutanisikia tena, na nitaenda kwa boma yake kumwomba msamaha nikiwa nimevaa shati ya kanisa.

Asiposema, krimu inaenda kwa choo, na Madam anabaki na kazi yake.

Hiyo ndiyo dili. Ukikubali, niandikie neno moja tu kwa simu. Nitaamka mapema nipange viti.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye na nikusumbuaye,

Kimutai